Kata ya mbege mikononi mwangu

Jumapili, saa nane mchana. Hapa Kibamba mvua imenyesha tangu alfajiri, na tope la mbele ya geti limenikatia kandambili. Sijali. Leo hata tope nalipenda.

Jana ilikuwa posa ya Aika, binti wa kaka yangu Elia. Nimeamka asubuhi nikakumbuka kila kitu, nani alisema nini, nani alivaa nini, mpaka rangi ya mapazia. Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kuandika.

Kwangu ni jambo.

Kwa aliyefika hapa kwa bahati: mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, na kwa miaka mingi nilikuwa mlevi. Sasa nina mwaka mmoja na miezi miwili sijaonja. Mara ya mwisho kualikwa kwenye sherehe ya ukoo ilikuwa kipaimara cha huyuhuyu Aika, nikaangukia meza ya keki mbele ya mchungaji. Tangu hapo sherehe za kwetu nilikuwa naziona kwenye picha za simu, kama watu baki.

Kwa hiyo Elia aliponipigia na kusema Aika hataki posa bila shangazi yake, nililia. Kisha nikakumbuka kata, kile kibuyu cha kunywea.

Katika ukoo wetu, upande wa kijana wakileta mbege, pombe yetu ya ndizi, shangazi wa binti ndiye anayepokea kata ya kwanza. Akinywa funda moja, posa imekubaliwa. Akiirudisha, ana neno na ndoa hiyo. Elia akaniambia, "Dada, we gusisha mdomo tu, yaishe." Nikaitikia sawa. Alhamisi nilienda kwenye kikundi chetu cha walioacha pombe, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, na sikusema lolote.

Nisijidanganye. Sikuwa naficha hofu. Nilikuwa nalingoja hilo funda.

Basi jana sebule imejaa, wazee kwenye makochi, akina mama kwenye mkeka. Aika akaja, akapiga magoti, akanikabidhi kata imejaa mpaka povu linamwagika. Ile harufu ya ndizi iliyochacha ikanipanda puani na mate yakanijaa. Ningependa kuandika kwamba wakati ule nilimfikiria Aika. Hapana. Nilifikiria jinsi kata ilivyojaa, na kwamba nikinywa yote watasema shangazi kafurahi.

Nikaivuta kata kwangu haraka, mbege ikamdondokea kwenye kitenge chake kipya. Hakukitazama kitenge. Alinitazama mimi, kwa macho niliyowahi kuyaona, siku ya keki.

Nikasema. Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, ile ya darasani. "Wazee wangu, shikamooni. Mie ni mlevi. Nimeacha, na hii nikiionja sitaishia hapa. Kijana nimempokea kwa moyo wote. Mbege ndo siiwezi."

Maneno hayo nilikuwa nayasema Alhamisi tu, mbele ya watu saba wanaofanana na mimi. Elia akainamisha kichwa. Mjomba wa kijana akauliza taratibu, "Shangazi akikataa kata, sie tuelewe nini?" Lilikuwa swali la haki. Nikajiona nimeivunja posa ya mtoto kwa mdomo wangu, tena safari hii nikiwa na akili timamu.

Aliyesimama ni mama wa kijana. Mbege ile kaipika mwenyewe, siku kadhaa jikoni, nikajua nimemtukana. Akaichukua kata mikononi mwangu, akampa Elia, akaagiza maji ya kunywa. "Kapokea kwa mdomo wake na wote tumesikia," akasema. "Anywe maji. Mie mkwe wangu namtaka pamoja na shangazi yake, akiwa mzima."

Nikaletewa maji kwenye kikombe cha plastiki, nikayanywa yote. Mshenga wao, mtu wa maneno, akadakia, "Haya, kama mmepokea kwa maji, na mahari tulete ya maji." Watu wakacheka, Elia naye akacheka, vigelegele vikaanza. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mama ambaye kabla ya jana hata jina langu alikuwa halijui.

Kuna jambo moja zaidi. Kwa mila yetu, kata ya posa hukaa kwa shangazi mpaka siku ya harusi. Nilidhani safari hii watamtafuta mwingine, na sikupanga kulalamika. Lakini nilipokuwa napanda bajaji, Elia alikuja mwenyewe, kata kaifunga kwenye kanga. Huyu ni Elia aliyekuwa akifunga kabati la pombe kwa ufunguo nikiingia kwake. Akaniwekea mapajani. "Siku ya harusi tunaitaka, dada," akasema, akageuka haraka.

Iko hapa jikoni. Nimeisugua mara tatu, mara ya mwisho kwa majivu, bado inanukia. Nimempigia mwenzangu mmoja wa kikundi nikamweleza yote, pamoja na lile funda nililokuwa nalingoja. Yuko njiani anakuja tunywe chai. Alhamisi nitawaeleza na wengine.

Harusi ni Desemba. Wataitaka kata yao, na mimi ndiye wa kuipeleka.