Unga Uliomhukumu Bibi

Nachingwea, kambi ya mashamba ya karanga

Kwa mdogo wangu Saidi,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima. Dada yetu Asha ameanza kula? Kama bado, msimlazimishe, mwacheni alie. Mimi mwili mzima. Kazi yetu bado ni ile ile ya kung'oa visiki, vumbi tunalila bila mboga, na nyayo zimepasuka. Barua yako nilipewa na Issa, yule dereva wa lori wa kwetu Tunduru. Niliisoma nimekaa, na ni heri nilikuwa nimekaa.

Hamisi wa Asha amefariki, Mungu amrehemu. Nimelia, sikufichi. Lakini nilipoendelea kusoma machozi yalikauka. Eti mmemwaga unga wa mtama ukasimama kama kichuguu chini ya msolo, mti wa tambiko, mkalitaja jina la Bibi, mkaufunika kwa chungu, asubuhi mkaukuta umeporomoka. Basi, Bibi mchawi. Na mganga wenu kasema anyweshwe mwavi: akiitapika sumu hana hatia, akifa ndiyo mmempata. Bibi huyu huyu aliyetulea tangu mama alipofariki. Saidi, ulipelekwa shule ukajifunza kuandika, na upuuzi huu umeuandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Je, mliangalia kama mchwa walipita? Umande je? Na mlilijaribu jina la nani mwingine? La mganga mwenyewe mlilijaribu? Hamkulijaribu, kwa sababu jibu mlikwenda nalo kutoka nyumbani.

Usidhani huku kuna afadhali. Yupo mzungu mmoja tunamwita Bwana Mvua. Kazi yake kupima mvua kwa kopo la shaba alilolisimika ndani ya ua mdogo, kando ya njia ya Ruangwa. Mtu mwenyewe hana adabu: anatutukana, ananuka pombe, kusalimia hajui. Kila asubuhi anaingia uani, anainama, anachungulia kopo, ananong'ona peke yake, anaondoka. Wazee wa kijiji cha jirani walimtazama siku nyingi wakaona bila shaka pale ndipo anapofanyia tambiko. Na mvua ilikuwa imegoma, hata mihogo imenyauka. Wakashauriana kumsaidia, maana waliona anaomba mikono mitupu. Wakaingia uani wakamimina unga ndani ya kopo.

Mvua ikanyesha, tena nzito. Wazee wakaja kambini na kanzu zao safi kutaka shukrani. Mkubwa wetu wa kambi naye akaja mbio na gari lake, anataka aambiwe mvua imetosha ili karanga zipandwe, maana Ulaya walikwisha kuahidiwa kwamba zitapandwa. Bwana Mvua akalifungua kopo mbele yetu sote. Ndani mlikuwa na uji, umeziba kila kitu, na maji mengine yamemwagika nje.

Mkubwa akamwambia aandike kiasi chochote kinachofaa. Kizungu nilichookota jeshini kilinitosha kuelewa. Yule bwana akajibu, "Sijui imenyesha kiasi gani, na nisichokijua sikiandiki." Mkubwa akawaka, akamwita mpumbavu. Wazee walipotafsiriwa wakacheka sana: mtu kazi yake ni mvua, imemlowesha mpaka kofia, halafu anasema hajui! Wenzangu nao wakacheka, kwa sababu mkubwa alikuwa anacheka. Karanga zikapandwa, jua likarudi, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama sakafu, zikafia humo. Sasa mkubwa anasema kosa ni la Bwana Mvua, na amekwisha kumfukuza. Wazee wanasema kosa ni lake kwa kuwa aliumwaga unga wao. Ni hapo tu walipopatana.

Simpendi mtu yule, na alipoondoka sikumuaga. Lakini katika kundi lile lote, wenye kanzu na wenye kaptula, ni yeye peke yake aliyekuwa akiutafuta ukweli, maana alikubali kubaki bila jibu. Wengine walikuwa wakitafuta mtu wa kuwakubalia. Huyo mganga wenu umewahi kumsikia akisema hajui? Anawezaje, na chakula chake kinatokana na kujua?

Najua inauma. Hamisi alikuwa mwana wa dada yetu, ndiye aliyekuwa anirithi mimi mjomba wake, na natamani na mimi niwe na shingo ya kuikaba. Lakini kilichomuua sikijui, Saidi, na wewe hukijui.

Tangu mjomba alipofariki, mambo ya Bibi na Asha ni yangu kuamua. Hiyo ni desturi yetu wenyewe, sikuiokota kwa wazungu. Basi nimeamua: Issa anarudi huko na lori lake, mpandishe Bibi mbele, mpe mkeka wake na ugoro wake, aje akae nami hapa.

Msalimie Asha na mumewe, shemeji yetu. Msalimie mkeo. Mwalimu aliyetusomesha Kurani mpe salamu, umwambie nimeshangaa kwamba ameyasikia haya akanyamaza.

Kwa kifo cha Hamisi sitamnyooshea mtu kidole. Lakini Issa akifika hapa peke yake, aliyemuua Bibi nitakuwa namjua, na nimelala naye mkeka mmoja tangu utoto.

Ni mimi kaka yako,
Rashidi