Tumefuta Mistari Yako, Dada Riziki

Dada Riziki,

Ejok. Najua ungenicheka, wewe uliyejua salamu hiyo moja tu ya Kiturkana na ukaisambaza kambi nzima ya Kakuma.

Wiki hii tumefuta mistari yako. Nakuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa wengine.

Ni ile sehemu ya programu inayopokea ujumbe wa simu kutoka zahanati na kuhesabu dawa zilizobaki. Tangu tukuzike, timu yetu hapa Lodwar haikuigusa. Ikisumbua, tuliweka viraka kando yake, mpaka kazi ya asubuhi moja ikawa inakula wiki na bosi akadhani tumekuwa wavivu. Hatukuwa wavivu, dada. Tuliogopa kukupoteza mara ya pili.

Kisha muuguzi wa zahanati ya Lokori akapiga simu. Mtandao ukikatika huko, ujumbe ule ule hutumwa tena, na programu yako iliuhesabu kama mzigo mpya. Kwetu alionekana ana dawa tele. "Madam, watoto iko na homa hapa, na nyinyi mnasema niko na dawa," akaniambia. Tulimpelekea kwa pikipiki siku hiyo hiyo, lakini sauti yake haikunitoka masikioni.

Nikamwita Lopeyok, anayekalia meza yako sasa. Tukakaa bega kwa bega ulivyotuzoesha, maana kwako hakuna kazi iliyotoka kabla mwenzako hajakusikia ukiisoma. "Unisomeye kwanza," ulikuwa ukisema, umefumba macho, chai ya tangawizi mkononi. Bosi alisema unatuchelewesha. Lakini mistari hii hukumsomea mtu. Ulikuwa umeanza kuumwa, na sisi tukaona haya kukuomba.

Nilianza kusoma, katikati nikamsogezea mwenzangu skrini. Lopeyok akamalizia. Kosa tulilisikia wote wawili, dogo tu, la mtu aliyechoka. Nililia hapo mezani. Si kwa sababu ya kosa. Ni kwamba ulichoka hivyo, na hukutuambia.

Tumeandika upya. Hesabu ya Lokori sasa inalingana na rafu yake, na muuguzi ameacha kutugombeza.

Nimekukosa sana. Lala salama, dada yangu. Mahali pako sasa pana mistari yangu, na nimeshamwambia Lopeyok: siku akisikia kosa aifute, niwe hai au niwe nimekufuata. Asinionee huruma.

Wako,
Akiru