Maelezo Kuhusu Picha ya Mbele ya Duka la Mikate

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mevlida Sarač. Umri: miaka 59. Kazi: mshonaji. Makazi: Mtaa wa Kiwanda cha Mbao, nyumba namba 8.

Mnamo tarehe 14 Mei 2024, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa mbele ya duka la mikate pamoja na msanii anayeitwa Tjaša. Binti huyu huziigiza upya picha za vita vya hapa kwetu zilizotoka magazetini, akiwatumia watu wa leo. Mimi nilimshonea mavazi ya waigizaji. Picha ya safari hii naijua mno: Juni 1992, wanaume watano waliokamatwa na askari wameketi chini, mikono kisogoni. Wa tatu ni kaka yangu Ekrem. Tangu siku ile hajaonekana, wala mifupa yake. Picha haina rangi, na Ekrem amevaa buti.

Jirani yangu Ostoja Vidaković alikuwa kwenye mkahawa wa pembeni akinywa kahawa. Miaka yote ametuambia kwamba mwezi ule alikuwa Austria. Ni mjuaji huyo, hata sindano yangu atanifundisha kuishika. Akaanza kuwatania waigizaji: "Nyie vipi? Hata kukaa chini mpaka mfundishwe?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha akamnyooshea kidole kijana wa tatu. "Huyo mvueni buti, bwana. Alivuliwa. Soksi moja ilikuwa na kisigino chekundu, tuliicheka sana!"

Soksi zile nilizifuma mimi. Uzi wa kijivu uliniishia, nikamalizia kisigino kwa mwekundu, na Ekrem alizivaa asubuhi ile ile waliyomchukua.

Nikamwuliza Ostoja, "Ulimwona wapi bila buti?"

"Aa, dada Mevlida, utani tu huo."

"Mlimweka wapi?"

Aliacha kahawa yake, akaondoka. Kamera ya Tjaša ilikuwa inarekodi yote. Nasikia amedai kwamba nilimpiga. Sikumpiga, ingawa mkono uliniwasha.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo. Habari ya kumfunga mtajua wenyewe, lakini kwanza awaonyeshe mahali. Mkichimba, mtamjua kaka yangu kwa kisigino.

Sahihi: M. Sarač

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali na kutia sahihi saa nane mchana. Amekabidhi kipande cha uzi mwekundu wa sufu, ambacho anasema ndicho kilichobaki. Nimekitia kwenye bahasha.

Sajenti Jelena Kostić