Ufa Uliozibwa kwa Vumbi la Mbao

Nyumbani,
chumba cha rangi, nyuma ya karakana.
Alhamisi asubuhi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikuwa unakohoa mpaka mama akauliza kama nyumba za huko zina madirisha. Kunywa vitu vya moto, na usione aibu kuvaa ile sweta aliyokufumia, hata kama mkono mmoja umezidi mwingine. Alikufumia kwa kukumbuka, hakuwa na wa kumpima.

Sisi hatujambo kiasi. Mama mguu bado unamsumbua, lakini anatembea. Baba mzima, anapiga randa na kubishana na redio kama kawaida yake. Mimi afya ninayo, ila usingizi sina. Hii ni wiki ya pili niko tumbo joto, na ndiyo maana unaona mwandiko unayumba. Usinicheke.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Unamjua baba. Ukipiga tu, anaweka spika, anaiegemeza simu kwenye kopo la gundi, na nyumba nzima inakusikiliza. Haya ya leo hayafai kusikiwa na nyumba nzima. Barua hii nampa yule nesi jirani yetu, anayesafiri kesho kurudi kazini huko huko uliko.

Kaka, ni ile pikapu.

Ile ya mtumba uliyotuletea kwa meli miaka saba iliyopita. Baba aliiandika nyuma kwa rangi nyeupe MKONO WA MWANANGU, na kwa kuwa hakupima vizuri, yeye seremala mzima, herufi ya mwisho ikabanwa kwenye kona. Mpaka leo anaifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso wake mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natafuta msasa namba themanini kwenye droo ya chini ya meza yake. Chini ya msasa nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya wakala wa kampuni iliyounda gari, ya tangu Desemba. Inasema pikapu za aina ile, za miaka ile, chasisi zake zinaliwa na kutu kuanzia ndani, na zinaweza kukatika gari likiwa kwenye mwendo. Kila mwenye gari anatakiwa kulirudisha kwa wakala mara moja. Hapo kwenye neno kulirudisha baba alikuwa amepiga mstari kwa penseli yake ya kazi, mstari mnene kama ule anaouchora pale msumeno unapotakiwa kupita.

Kama ulikuwa hujui chasisi ni nini, kama nilivyokuwa mimi, ni ile fremu ya chuma inayobeba kila kitu. Ndiyo mifumbati ya gari. Kitanda mfumbati ukivunjika, godoro na mlalaji wote chini.

Halafu nikafanya kosa. Niliingia kwenye simu kusoma malalamiko ya watu wenye pikapu kama yetu. Heri ningebaki mjinga. Mmoja kaandika kwamba alianza kusikia mlio, krii, kila alipopita kwenye tuta. Mwingine milango ilikataa kufunga. Mwingine aliona upenyo kati ya kibanda cha dereva na sehemu ya mzigo unapanuka upande mmoja. Wa mwisho alikuwa anashuka mlima na mzigo wa matofali, akaona kwenye kioo sehemu ya nyuma ya gari inakwenda upande wake. Malalamiko hayo ya mwisho hakuyaandika yeye. Aliyaandika mke wake.

Nilizima simu nikakaa nayo mapajani. Kwa sababu ule mlio naujua, kaka. Unalia tangu mwezi wa tatu. Baba husema ni mbao alizotandika nyuma zinasuguana, nami nilimwamini, maana mambo ya mbao nani atamfundisha?

Kesho yake nikapima ule upenyo kwa vidole, nikijifanya nafagia. Kushoto vidole viwili. Kulia vidole vitatu na nusu. Nikajaribu mlango wa dereva, haufungi mpaka uuinue kwanza. Na nani alitufundisha wewe na mimi kwamba mlango wa kabati ukikataa kufunga usiulaumu mlango, utazame fremu? Ni yeye mwenyewe! Alitufundisha kwa makofi, wewe hasa.

Jumapili baba alipokwenda kunyolewa, nilitandika gunia nikaingia chini ya gari na tochi. Nilitarajia kuona kutu. Nikakuta chasisi nyeusi, nyororo, inateleza mkononi. Chuma cha miaka ishirini hakiwi hivyo. Nikanusa, nikasikia vanishi. Nikaparuza kwa ncha ya patasi, ikatoka gundi na vumbi la mbao, ule mchanganyiko wetu wa kuzibia matundu ya misumari! Baba aliziba kutu kama anavyoziba kabati, akapiga msasa, akapaka rangi, akamalizia na vanishi. Na kazi yenyewe safi, usiniulize, angefanya hivyo kwenye meza ningemsifu. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakusema uzibe kwa vumbi la mbao.

Patasi ilipozama kidogo tu, kipande sawa na kisosi kilidondoka kifuani kwangu. Nikatia kidole kwenye tundu. Kiliingia mpaka pingili ya pili, ndani ya chuma kinachobeba gari zima. Nililia pale pale chini ya gari, mtu mzima mimi, machozi yananiingia masikioni.

Fundi wa magari wa kona ya pili alikuja Jumatatu, nikamwambia baba amekuja kuangalia oili. Aliingiza bisibisi upande mmoja ikatokea upande wa pili. Akajifuta mikono muda mrefu kabla ya kusema.

"Dada, hili gari limesimama kwa mazoea tu."

Nikawapigia wakala. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, alinieleza taratibu. Kulirudisha si kunyang'anywa. Wanalichukua, wanabadilisha chasisi bure, wanakurudishia. Nikapumua. Kisha akaongeza kwamba likikutwa limeoza kupita kiasi halirudi tena barabarani, wanamfidia mwenyewe na gari linavunjwa. Sikukuficha hilo, kwa hiyo nawe usinifiche utakachoamua.

Sasa sikiliza jambo jingine, ambalo nililiona dogo.

Tangu mwanzoni mwa mwezi wa tano baba amekataa kumpandisha mama kwenye pikapu. Siku za kliniki anamwambia, "Daktari amesema utembee." Na mguu ule! Mama alinung'unika, akasema baba yenu siku hizi ana mkono wa birika, anaona uchungu hata wa mafuta. Nami nilikuwa nafuatana naye kwenda kushikilia mizigo, ghafla akaniambia nibaki nipige msasa. Nilidhani ameniona sifai. Unanijua mimi sina kifua, nikawa namsema mbele ya mama, mpaka siku moja nikamwambia kwa mdomo huu kwamba amezeeka vibaya. Alipakia kabati akaondoka peke yake.

Jana nikashindwa kuvumilia. Alikuwa anapiga randa mlango wa tatu wa kabati la mteja. Nikamwuliza kule chini ya gari ameziba nini.

"Kumeingia mchwa," akasema, bila kuinua macho.

"Baba, chuma hakiliwi na mchwa."

Randa ikasimama. Nikaitoa ile karatasi mfukoni nikaiweka juu ya mbao. Aliitazama kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Nikamweleza yote niliyoambiwa na wakala, mpaka lile la kuvunjwa, maana sikutaka kumdanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafagia maranda kwa kiganja, akasema:

"Wameandika nirudishe. Nirudishe kwa nani? Aliyenipa ni mwanangu, naye hajaniomba."

Nikamwambia litamuua. Ndipo akanijibu, kwa sauti ya chini kabisa:

"Ndiyo maana simpandishi mama yako. Wala wewe."

Kaka, kumbe alijua. Miezi yote ile tuliyokuwa tunamwita bahili, alikuwa anatushusha mmoja mmoja, na yeye anabaki ndani. Kila asubuhi alipowasha lile gari alijua linaweza kukatika, na aliona afadhali hivyo kuliko siku utakayokuja ukute pale uani hakuna kitu. Maana atakuonyesha nini? Chumba chako kimejaa mbao. Shati ulilosahau alishalivaa likaisha. Kwa baba, lile gari ndilo wewe. Hakusema hivyo, lakini nina macho.

Nilimwomba asiliendeshe tena. Akasema ataliacha, ila baada ya Jumamosi, mara moja tu ya mwisho, kwa sababu ameshaahidi kupeleka lile kabati la milango mitatu na kitanda chake kwa mteja ng'ambo ya machimbo. Unakumbuka mteremko wa machimbo? Ule ambao hata wewe na baiskeli ulikuwa unashuka kwa miguu, na hukuwa na kabati mgongoni. Mara moja ya mwisho! Neno hilo limenikesheza. Kila nikifumba macho naona ile MKONO WA MWANANGU inakwenda upande wake.

Ninachokuomba ni mambo mawili. La kwanza, ndani ya bahasha kuna fomu ya wakala. Kadi ya gari bado ina jina lako, baba alikataa kubadilisha, alisema jina likae hivyo hivyo. Kwa hiyo bila sahihi yako hawaligusi. Tia sahihi, piga picha, nitumie kwenye simu siku hiyo hiyo. Watakuja kulivuta, kwa magurudumu yake haliendi tena hata hatua moja.

La pili utalisoma mwishoni, maana nimesikia viatu vya baba.

Amekuja, amekwenda. Anatafuta ufunguo wa gari. Alitaka kujaza mafuta mapema kwa safari ya Jumamosi, akakuta msumari wa ufunguo uko mtupu. Alisimama mlangoni na taulo begani akaniuliza, kwa lile jina la utani alilonipa, "Msasa, hujauona ufunguo wangu?" Nikasema, "Sijauona, baba." Sijawahi kumdanganya baba uso kwa uso tangu nizaliwe, isipokuwa lile la saa ya ukutani tuliyoivunja, na hilo tulikuwa wote wawili. Alinitazama kidogo, akarudi. Sasa namsikia anafungua droo moja baada ya nyingine. Mama naye anamsaidia, maskini, anapekua hadi kopo la unga, hajui lolote. Anamwambia, "Utakuwa umeuacha mfukoni, baba watoto, uzee huo." Naye anakubali kwamba ni uzee. Samahani kwa hili doa la wino.

Fundi nimemwomba, ameapa hataunganisha waya hata akibembelezwa. Ule ufunguo wa akiba ulipotea mwaka juzi. Mteja nitampigia mimi mwenyewe leo, atafute lori, na akitaka kunitukana anitukane.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Shangazi anakusalimu, amefungua kibanda chake cha cherehani na tayari amegombana na wateja wawili. Babu anakusalimu, kila akiniona ananiuliza umri wako, nikimwambia anasema naongopa. Fundi wa kona anasema ukija umletee miwani ya kuchomelea. Wasalimie shemeji na watoto, uwaambie wana shangazi mwoga ambaye anawapenda.

Sasa lile la pili. Tikisa bahasha. Kile kizito kilichofungwa kwenye kipande cha msasa ndicho baba anachokitafuta. Niliutoa kwenye msumari leo asubuhi alipokuwa anaoga. Hapa nyumbani hakuna mahali ambapo asingeuona, kwa hiyo nautuma mahali pekee ambapo mkono wake haufiki. Nitakapomwambia uko kwako, hatanipiga, atanyamaza, na huo ukimya ndio ninaouogopa kuliko makofi.

Usimpe mtu aulete, wala usiutie kwenye posta. Gari likipona au lisipone, huo ufunguo umrudishie baba kwa mkono wako.

Mungu akulinde njiani, maana naandika nikijua utakuja.

Wako akupendaye na anayeandika huku akichungulia mlango,
mdogo wako, Msasa.