Mstari Alioniambia Nisiuguse

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla shemeji yangu hajarudi Jumatatu, maana mimi ni mjane mwenye kiduka cha kuchapa barua, na kompyuta yetu ya Linux aliipanga marehemu mume wangu, akaacha faili lenye majina ya moduli, yaani vile vipande vya programu vinavyoamshwa kila mashine inapowaka ili itambue vifaa vyake, na mstari wa kwanza huamsha spika ndogo ya ndani, inalia "tiit", naye alikuwa akiitikia "Karibu!" hata akiwa na mswaki mdomoni, na juu ya moduli ya printa ya zamani aliandika, baada ya alama ya reli, "# Mama Karatasi, usiguse, nimehangaika nao siku mbili", na Mama Karatasi ndiye mimi, ila printa ile imekufa, na tangu tulete mpya moduli hiyo inaing'ang'ania na hakuna kinachochapwa, na shemeji, ambaye ni fundi, akasema, "Shemeji, hili si faili, ni makumbusho, tunafuta lote," nikacheka naye, kisha nikaficha kibodi kabatini chini ya mashuka, na sasa ni wiki ya tatu, wateja wanahamia duka la jirani.
Mjane mwenye kibodi

Pole sana, Mama Karatasi. Lakini toa kibodi kabatini leo, hicho si kitu cha kulaza kwenye mashuka. Mumeo hakuandika wasia, aliandika maelekezo ya kazi, kwa printa iliyokuwa nzima. Mtu aliyehangaika siku mbili ili duka lichape, unadhani angefurahia wiki tatu za ukimya?

Shemeji yako naye ana haraka ya bure. Mwambie anakili faili kwanza, kisha aweke alama ya reli mbele ya jina la moduli hiyo moja, basi. Ikiendelea kujiamsha, aiandike kwenye orodha ya moduli zilizozuiwa. Hakuna haja ya kufuta hata herufi. Mashine huruka kila mstari wenye alama ile, ndiyo maana miaka yote haikuwahi kusoma maneno ya mumeo. Hayakuwa yake. Yalikuwa yako, na yatabaki pale pale.

Mstari wa spika msiuguse. Jumatatu washeni mashine, na ikilia, usimwachie shemeji. Itikia wewe, halafu uchape.