Mlango Ulioulizwa Mara Mbili

Mjukuu wangu Achieng',

Nakusihi usimsomee mtu barua hii, maana profesa ninayemtaja ni jirani yetu hapa Buruburu. Sisi ni wazima. Shangazi yako Atieno amepata nafuu.

Unauliza kwa nini chuo kinakulazimisha kusajili utafiti kabla hujauanza. Nilipokuwa karani mgeni chuoni, profesa huyo alinikataza kuuingiza utafiti wake kwenye rejista, wenzake wasije wakamwibia wazo. "Ukiandika, kazi huna." Nikaenda kumweleza mkubwa wangu, Bi Wanjiru.

Bi Wanjiru alikuwa ametoka Dandora, mtaa ambako profesa alifanyia utafiti wake. Huko mama mmoja alikuwa amewafukuza wasaidizi wa profesa mlangoni pake. "Nyinyi tena? Juzi wenzenu wa chuo hicho hicho waliuliza haya haya, na mtoto bado anakohoa!"

"Andika, binti," Bi Wanjiru akaniambia. "Kwa profesa nitaenda mimi."

Alienda peke yake. Sijui walisemezana nini, lakini profesa alikuja mwenyewe kwangu, akauliza kwa upole, "Huyo mwingine anayeenda Dandora ni nani?" Nikamwonyesha jina kwenye rejista. Yeye na mtafiti huyo wakafanya kazi pamoja, nami nikabaki kazini. Ujasiri ule wa Bi Wanjiru naustaajabia mpaka leo.

Basi tazama kwanza kwenye rejista nani mwingine chuoni anauliza swali lako. Ukimpata, nipigie Jumapili baada ya ibada, kwa simu ya shangazi yako. Nitataka kusikia jina lake.

Nyanya yako