Tisa Inatoa Mawili

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Maji ya bomba hayakutoka tena hapa mtaani Mtanda. Nimeoga nusu ndoo. Nimewahi namba mstarini hata hivyo.

Hisabati vipindi viwili. Fankisheni. Unaingiza namba, inatoka namba, na kila inayoingia inapata jibu moja tu. Ikitoa mawili, si fankisheni. Mwalimu Haule katukaririsha sharti hilo mpaka Fidea, ninayekaa naye dawati moja, akawa analisema kwa sauti ya kusali rozari.

Raha tupu. Muhula uliopita Kidato cha Tatu kizima hatukuwa na mwalimu wa hisabati; yule wa zamani aliacha chaki akaenda Dar kuuza mitumba. Siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu. Haule katokea Songea mwezi uliopita. Siku ya kwanza alisema yeye ni Mngoni, na sisi Wamwera tukapiga makofi: mtani wa kabila letu kaja. Alicheka. Akatuambia tufungie kuku wetu, maana mtani huchukua bila kuomba.

Jumatano, 5 Agosti

Mdomo wangu umeniponza.

Ubaoni palikuwa na x kwa kipeo cha pili. Mwalimu akataka tuigeuze, yaani kilichotoka kirudi kilikotoka. Akaandika jibu: kipeuo cha pili cha x, mbele yake alama ya kujumlisha na ya kutoa kwa pamoja. Akasema hii nayo ni fankisheni. Akaipigia mstari.

Si kweli. Ingiza tisa: inatoka tatu, na inatoka hasi tatu. Mawili. Sharti la Jumatatu limevunjwa mchana kweupe na watu wananakili tu.

Nikanyoosha mkono. Ningesema hivyo hivyo, ingetosha. Badala yake nikasema: "Mtani, hiyo ni fankisheni ya Kingoni. Anaingia kuku mmoja, mnatoka na wawili."

Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja kule nyuma akawika. Haule hakucheka. Alijifuta chaki mikononi polepole, akanionyesha mlango.

Sielewi. Kwetu kijijini Kilangala mtani anakutania hata ukiwa umefiwa, na chai unampa. Nilikuwa ndani ya haki yangu.

Alhamisi, 6 Agosti

Ofisini kwa makamu mkuu wa shule. Nimesimama, wao wamekaa. Haule hakuniangalia hata mara moja.

Uamuzi: Jumatatu niombe radhi mstarini, mbele ya shule nzima. Kwa mambo mawili. La kwanza, kumdhihaki mwalimu. La pili, kupinga somo lake kwa uongo. Nikikataa, natolewa mchepuo wa sayansi, naenda sanaa. Kwa sasa kipindi cha hisabati kikianza mimi naenda nyuma ya uwanja wa mpira kung'oa kisiki cha mkorosho.

Uongo. Neno hilo silikubali.

Bila sayansi hakuna upimaji. Nataka kuwa mpima ardhi tangu siku ile watu wa barabara walipokuja Kilangala na chombo chao cha miguu mitatu, wakachungulia, wakajua mlima una urefu gani bila kuupanda. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Agosti

Kisiki. Jembe limelegea mpini. Malengelenge.

Jumamosi, 8 Agosti

Shangazi kapata habari dukani. Mtanda hii hakuna siri. Kasema nimemtia aibu yeye anayenilea na baba aliyenikabidhi kwake. Kasema samahani ni neno jepesi, nilitamke yaishe, watu wanamsamehe hata aliyewaibia. Kasema mtoto wa kike hagombani na mwalimu wake kwa ajili ya kijistari cha kutoa.

Nikamwuliza niombe samahani kwa lipi kati ya yale mawili. Akaniambia nisimletee hesabu jikoni, nipepee moto.

Nimepepea. Nina hasira mpaka mkaa umewaka kabla ya wakati.

Jumapili, 9 Agosti

Nimekaa na hesabu ile tangu asubuhi. Nimejaribu kwa moyo wangu wote nikosee. Ningekosea ingekuwa rahisi, ningeomba radhi kwa yote na kurudi darasani. Nimeingiza nne, kumi na sita, ishirini na tano. Kila moja inatoa mawili. Sikosei.

Lakini nimeona jambo jingine, na sikulipenda. Haule angejirekebisha mwenyewe. Anajua hesabu kuliko sisi sote. Angesema "ahaa", angefuta, tungeendelea. Ni kile kicheko. Baada ya mtu kuwika, angerudi nyuma vipi? Mimi ndiye niliyemzibia njia. Huko kwenye utani alikuwa peke yake na sisi tulikuwa darasa zima.

Basi hilo ni langu. Lile jingine si langu na silibebi.

Jumatatu, 10 Agosti

Mstarini. Makamu kaniita mbele. Nilisema hivi:

"Mwalimu Haule, kwa kukutania mbele ya darasa, naomba radhi, nilikosa. Kwa hesabu siombi. Tisa inatoa mawili."

Makamu akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akasema basi wiki ijayo nikaripoti sanaa.

Fidea kalia. Mimi sijalia. Wanihamishe. Hata huko sanaa tisa itatoa mawili.

Jumatano, 12 Agosti

Fidea anasema Haule ameiruka sura ile. Anafundisha grafu. Mwanafunzi mmoja alimwuliza kuhusu kugeuza, akajibu tutarudi. Mimi na kisiki tunaendelea. Mzizi mkubwa umeshuka chini kabisa, sijauona mwisho wake.

Ijumaa, 14 Agosti

Wengi walikwenda msikitini, shule ikapoa. Mimi niliswali nikarudi kwenye kisiki.

Haule akaja peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akavua shati, akalitundika kwenye goli, akachukua jembe mkononi mwangu.

"Kwetu hata kaburi anayelichimba ni mtani," alisema. "Chaki iko mezani. Kaandike."

Hakusema nilikuwa sawa. Sikumwuliza. Nilikwenda darasani, hapakuwa na mtu. Nikaandika x kwa kipeo cha pili, na chini yake kinyume chake, kipeuo peke yake, bila ile alama ya kutoa. Jibu moja. Nikarudi nimevimba kichwa.

Akaendelea kuchimba, jasho linamtiririka. Akaniuliza kama nimeandika kwamba x ya mstari wa juu isishuke chini ya sifuri, maana bila hilo hata nilichoandika mimi hakisimami.

Sikuwa nimeandika.

Nilirudi mbio, nikaongeza. Nilipotoka tena alikuwa amefika kwenye ncha ya ule mzizi. Tukaushika wote wawili, tukavuta. Akasema Jumatatu nisiende sanaa; kipindi cha kwanza ni chake, nisichelewe.